Oili ya Gari la Msiba

Aliingia dukani amevaa suti nyeusi na mabuti ya mvua, mkononi ameshika kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba, kama mtu anayeleta samaki. Sikuwa nimewahi kumwona. Mvua ilikuwa imetukalia tangu asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye milango ya maduka ya Bagamoyo, mtaa wetu wa Tukuyu, na mjomba Ackson, mwenye duka, alikuwa amekwenda Mbeya kufuata mzigo. Vijana wa bodaboda waliojibanza chini ya paa letu waliacha kelele zao, wakampisha.

"Ugonile, mwanangu," akanisalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, tata. Karibu."

Akaliweka lile jani juu ya kaunta na kulifungua taratibu. Ndani mlikuwa na filta ya oili iliyotumika, nyeusi, bado inachuruzika.

"Nataka kama hii," akasema. "Na oili ya gali. Lakini kabla hujanyoosha mkono huko rafuni, nataka uniambie kweli. Mimi ni mtu mzima. Sina nguvu za kuja kugombana na mtu kesho."

Emmanuel, aliyekuwa na ulimi kuliko bodaboda wote wa pale, akadakia kutoka mlangoni. "Mzee, hapo umefika. Huyo ni mwalimu, ana digrii. Hata bei anakutajia kwa ushahidi."

Wenzake wakacheka. Waliniita mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu wa kemia, na kwa sababu darasa sikuwa nalo. Nilikuwa nasubiri ajira, na ndugu zangu wote walikuwa wameshaacha kuniuliza habari zake. Mjomba ndiye aliyeniambia, "Atupele, njoo ukae kaunta, usioze nyumbani." Ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuzoea harufu ya lile duka.

Yule mzee hakucheka. Alisema jina lake ni Nsajigwa, ametoka Matwebe, na gari analolinunulia oili si lake. Ni Landrova ya zamani ya kikundi chao cha kuzikana. Waliinunua kwa michango kwenye mnada, ikiwa tayari imeshazeeka. Inapeleka wagonjwa hospitali na kurudisha marehemu nyumbani.

"Na tuna sharti," akaendelea. "Gali likishampakia marehemu, injini haizimwi mpaka uani kwake."

"Kwa nini, tata?"

"Mwanzoni betri ilikuwa mbovu. Ukizima, mpaka lisukumwe. Nani atasukuma gali lenye msiba? Baadaye tukapata betri nzuri, lakini sharti likabaki. Sasa likizimika njiani watu wanasema marehemu amekataliwa njia. Kwa hiyo linanguruma. Tukisimama kanisani linanguruma nje, ibada nzima."

Akanieleza mengine akiwa anaitazama ile filta. Dereva wao, Fred, alikuwa mnunuzi wa siku zote wa duka letu. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ilipoanza kuwaka kila gari linaposimama, waombolezaji waliogopa, basi Fred akaibandika plasta ya kidonda. Hakuna aliyeiona tena. Halafu gari likawazimikia Kiwira na mama mmoja wa kikundi akiwa ndani ya jeneza. Walihangaika, wakasukuma, mwishowe wakasimamisha lori la ndizi. Yule mama alifika kwake juu ya mikungu, mkungu kichwani na mkungu miguuni. Fred aliona aibu, akaacha kazi. Mafundi waliifufua Landrova, na usukani ukabaki kwake yeye, mwenyekiti wa kikundi.

"Mke wangu Esnath amelazwa Mbeya," akasema. "Hili la ndizi lilimfuata mpaka kitandani. Akaniambia, 'Nsajigwa, mimi usinipakie na ndizi.' Tukacheka wote wawili. Halafu akaacha kucheka, akawa ananitazama. Anasubiri jibu. Nikamwahidi."

Nje mvua ilikuwa ikipiga bati.

Nikamuuliza wanatumia oili gani. Akajibu bila kufikiri: namba arobaini, ile nzito, kopo jekundu la rafu ya mbele. Gari zee linataka oili nzito, akasema, kama mzee anavyotaka blanketi.

Nilimweleza kwa kadiri nilivyoelewa. Oili nzito ya namba moja tu, kwa asubuhi zetu za Rungwe, ni kama uji uliolala. Ukiinamisha sufuria haumiminiki. Injini inawashwa, vyuma vinasagana, oili bado iko chini inajivuta. Makopo mengine yana namba mbili. Ya kwanza ni ya asubuhi ya baridi, ya pili ni ya injini ikishachemka. Kwa dizeli ya zamani namna ile ningemchagulia ishirini na hamsini ya dizeli, inayopanda upesi asubuhi na isiyogeuka maji gari likinguruma saa nzima nje ya kanisa.

"Unayo?" akauliza.

Hatukuwa nayo. Tulikuwa na makopo mekundu ya rafu ya mbele, na kabati lenye kufuli ambamo mlikuwa na oili nyepesi ya magari mapya, ya mabwana wanaokuja na mafundi wao. Lakini kitu kingine kilikuwa kimeshanikamata. Alikuwa amesema oili hubadilishwa kila mwezi, na kilichokuwa kinachuruzika kwenye kaunta kilikuwa lami.

Nilichukua filta mpya kutoka rafuni, ya namba ileile, nikaitikisa. Ikalia ndani kama njuga. Filta nzuri hailii. Kisha nikafungua kopo jekundu, nikachana ukurasa wa kalenda ya zamani na kuugeuza upande mweupe. Nikadondosha tone moja la kopo jekundu, na pembeni yake tone la oili ya kabatini. Chuoni tulikuwa tunafanya hivi kwa wino. Karatasi haina upendeleo, hukuonyesha kila kilichomo.

Tone la kabatini lilitanda kama asali na kubaki rangi ya asali. La kopo jekundu lilitanda pia, lakini katikati likaacha moyo mweusi, na kuuzunguka moyo huo duara la kijivu, kama jicho la mtu mgonjwa.

Mzee Nsajigwa aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Hii imeshafanya kazi," akasema.

"Ndiyo, tata. Imechujwa, ikachanganywa kidogo na mpya, ikarudishwa kwenye kopo."

Nilimwona anahesabu kitu kichwani, lakini si fedha.

"Sisi tunabadilishia hapahapa Bagamoyo, kwa fundi Yunusu. Ile chafu tunaiacha kwa fundi." Akaninyooshea kidole, si kwa hasira, kama anayeomba nimsahihishe. "Kwa hiyo tumekuwa tunanunua oili yetu wenyewe."

Emmanuel alisogea, akaitazama karatasi, akapiga mluzi mdogo. "Mwalimu, hilo karatasi lichome moto. Mjomba wako akilikuta, Landrova ya Matwebe itakuja kukubeba wewe."

Nilimwambia mzee anipe mpaka Ijumaa. Rafiki yangu wa chuo, Shadya, baba yake anauza oili Mwanjelwa, Mbeya, na ni watu ambao ningeweka mkono motoni kwa ajili yao. Ningeagiza oili na filta, nami mwenyewe ningezipeleka Matwebe, pamoja na fundi wa kuziweka.

"Mpaka kwangu?" akauliza.

"Mpaka uani, tata."

Akatoa fedha kwenye leso, akaniachia bila risiti, akafunga tena filta yake kwenye jani. "Ndaga fijo," akasema. Mtu aliyekuja kuibua wizi wetu alikuwa anatushukuru.

*

Ile karatasi sikuichoma. Mjomba aliporudi jioni aliikuta kwenye kaunta, kwa sababu nilitaka aikute. Nilikuwa naamini, na hili nalisema bila kujicheka, kwamba mtu akionyeshwa ushahidi hubadilika. Nilikuwa nimeandaa hata maneno. Ningemwambia tunaweza kuuza oili halisi, polepole, mpaka duka letu lijulikane toka Kiwira hadi Kyela.

Aliitazama kwa muda mfupi tu.

"Umefungua kopo la kuuza?"

"Mjomba, imetumika."

Akavua kofia, akaikung'uta maji, akacheka. Mjomba wangu ana kicheko kizuri, ndicho kinachomletea wateja. "Kila kitu kimetumika, mpwa wangu. Shati langu mtumba. Gari langu mtumba. Hiyo sketi uliyovaa kuna Mzungu aliichoka. Sasa mbona unataka oili peke yake ndiyo iwe bikira?"

"Mtumba unauzwa kwa jina la mtumba."

Hapo aliacha kucheka. Akafunga mlango, akaketi juu ya kreti.

"Niliwahi kuweka ile halisi hapo mbele," akasema. "Ilikaa mpaka makopo yakapata vumbi. Wanashika, wanauliza bei, wanarudisha. Wanasema Ackson ana roho mbaya. Wanakwenda kwa jirani kununua hiihii. Nilikuwa nafunga duka, Atupele. Halafu dada yangu, mama yako, akaja na barua yako ya chuo. Amekaa hapo ulipo wewe. Nilimjibu nini? Nilimwambia, mwanao atasoma. Nikaingia stoo, nikaanza kuchuja."

Nilikuwa nimeshika pembe ya kaunta. Nakumbuka nilitazama mikono yangu.

"Ulifikiri ada yako imetoka kwenye chai?" akasema polepole. "Chai yetu hiyo ya kilo kwa bei ya kiberiti? Kila ulichokijua kuhusu hiyo karatasi, kopo jekundu ndilo lililolipa."

"Kuna mtu atakufa njiani, mjomba."

"Gari la kubeba maiti? Atakufa nani?"

Nilimweleza habari za Esnath. Alisikiliza, na kwa dakika nzima nilifikiri nimempata, kwa maana macho yake yaliteremka. Kisha akasimama, akachukua ile karatasi, akaikunja vizuri mara mbili na kuitia mfukoni.

"Mpigie mzee mwambie umekosea. Mimi nitamrudishia fedha, na kopo moja juu, bure. Ukibeba oili ya mtu mwingine kuipeleka Matwebe, mji mzima utauliza kwa nini binti wa Ackson hakuchukua ya dukani kwao. Ukitoka na hilo kopo, Atupele, umetoka. Hapa dukani na kule nyumbani. Sitakufukuza, utakuwa umejifukuza."

Asubuhi nilimsalimia nikitegemea ameamka mtu mwingine. Aliitikia vizuri, akauliza kama nimeshapiga simu. Nikasema sijapiga. Akaenda kupanga makopo mekundu.

Yunusu, fundi wa Landrova, nilimkuta uvunguni mwa gari. Alinisikiliza bila kutoka, naona miguu yake tu. Niliposema oili chafu, miguu ikatulia.

"Ackson aliniambia ni ya kupaka mbao," akasema kutoka huko chini. "Mchwa wasile nyumba."

"Mbao ngapi hizo, fundi?"

Akajivuta nje, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. "Hata mimi, binti, nilijiuliza mji huu una mchwa kiasi gani. Nikajiuliza kimoyomoyo. Kwa sauti sikuuliza." Akachukua sanduku la spana. "Ijumaa twende. Kazi hiyo sitamtoza mtu."

*

Mzigo wa Shadya ulifika stendi siku ya Alhamisi, umefungwa kwenye boksi la biskuti. Filta niliitikisa sikioni, kimya. Ijumaa asubuhi nilitoka kwa mjomba na begi langu la chuo mgongoni na kopo mkononi. Mjomba alikuwa mlangoni anapiga mswaki. Alilitazama begi, akatazama kopo, akatema povu.

Emmanuel ndiye aliyenibeba, Yunusu akatufuata na pikipiki yake. Njiani Emmanuel aliniambia, kwa sauti ya kupambana na upepo, kwamba jana ameweka oili ya kopo jekundu.

"Baada ya kuiona karatasi?"

"Mwalimu, pikipiki yangu haijasoma. Na mimi tajiri anataka hesabu yake jioni. Hiyo yako nzuri mfuko wangu hauifikii."

Nikalikumbatia kopo langu.

Tulipokaribia tulisikia vilio. Uani kwa mzee Nsajigwa watu walikuwa wameshaanza kukaa, wanawake wamejifunga kanga kiunoni, wanaume wanakata migomba kusafisha nafasi ya turubali. Esnath alikuwa amefariki usiku, hukohuko Mbeya. Mzee alikuja kunipokea katika suti ileile nyeusi.

"Umekuja na Ijumaa yako," akasema. "Na mimi siku yangu ndiyo hiyohiyo."

Landrova ilisimama chini ya migomba, kijani iliyochujuka, bodi limejaa viraka. Yunusu aliingia uvunguni na kufungua oili. Ilimwagika kwenye beseni nyeusi, na jua dogo lilipoipiga, ilimeta. Nilifikiri ni mwanga. Yunusu alichovya kidole, akakisugua, akanionyesha: vumbi la chuma, laini kama unga wa sembe. Akaikata filta ya zamani kwa msumeno. Karatasi ya ndani ilikuwa imechanika na kukunjamana pembeni. Tangu iwekwe haikuwa imechuja kitu.

Alimwita mzee pembeni. Nilisimama nao.

"Tata, nisikudanganye. Beringi zimeliwa. Oili hii aliyoleta binti ni nzuri, ningeipata mwaka jana gari hili lingekuzika hata wewe. Leo ni chakula kizuri kwa mtu asiye na meno."

"Litafika?"

"Kwenda, litakwenda. Kurudi na mzigo, kupandisha mpaka huku... Taa nyekundu ikiwaka na kubaki, unazima hapohapo. Ukizima, injini tunaweza kuifungua, tukaitengeneza tena. Ukiendelea, itajishika, isizunguke tena, na kikundi kitabaki na bati la kufugia kuku."

Na kuzima ndicho kitu ambacho sharti lilikataza. Mzee alilitazama gari. Halikuwa lake, hilo ndilo lililomkaba. Akawageukia watu wa kikundi waliokuwa wamesogea, akawaeleza yote bila kuficha, hata habari ya karatasi. Kijana mmoja alipendekeza wakodi gari lingine. Wazee walikohoa.

Bibi Jenifer, mweka hazina wao, mwanamke mfupi aliyekuwa ameshika sufuria, ndiye aliyejibu. "Esnath alichangia gari hili kwa maziwa ya ng'ombe wake, miaka yote. Nani hapa alichanga kumzidi? Likifa, life limembeba mwenye kulinunua. Sisi wengine tutajua tutakavyobebwa."

Hakuna aliyempinga. Nilijua wanachotoa ni nini. Kulikuwa na wajawazito katika vijiji vile, kulikuwa na wazee.

Yunusu alifunga filta kwa mkono, nikamimina oili mwenyewe. Ilishuka nyororo, bila harufu ya kuungua. Mzee alipoketi kwenye usukani aliibandua ile plasta ya Fred, akanikabidhi kana kwamba ni kitu cha kutunza.

"Kaa hapa katikati. Macho yangu hayawezi barabara na taa kwa pamoja. Utaniambia?"

"Nitakuambia, tata."

"Hata kama ni vibaya?"

"Hata kama ni vibaya."

*

Kwenda tulikwenda vizuri. Injini ilikuwa na sauti ya mtu mzima aliyepata usingizi, na mahali pengine nilianza kufikiri Yunusu amekosea. Ni tabia yangu. Mbeya walitukabidhi Esnath katika jeneza la mbao nyepesi, ndugu wakapanda nyuma wakaanza kuimba, na kutoka hapo ufunguo haukuguswa tena.

Baada ya Uyole tulipanda mlima mpaka Isyonje kwa mwendo wa mtu anayebeba maji kichwani. Baridi ilitusaidia. Tulipoteremka kuelekea Kiwira taa ilikuwa bado kimya. Barabarani tuliyapita malori ya ndizi yaliyoegeshwa, vijana wakipakia. Mzee hakuyatazama.

Tukuyu mjini watu husimama gari la msiba likipita. Bodaboda walizima pikipiki zao. Mbele ya duka letu mjomba Ackson alitoka nje, akavua kofia, akaishika kifuani na kuinamisha kichwa. Aliinama kwa heshima kabisa, na sidhani alikuwa anaigiza. Nyuma yake, rafuni, makopo mekundu yalikuwa yamepangwa upya na kufutwa vumbi. Aliinua macho akaniona katikati ya mzee na fundi. Sisi ndio tulioangalia pembeni kwanza, mimi na Yunusu.

Kanisani Yunusu aliomba ibada iwe fupi. Mchungaji alikubali, lakini kwaya ilikuwa imejiandaa na Esnath alikuwa mwanakwaya, na nani angewaambia waimbe nusu? Landrova ilinguruma nje, palepale ilipozoea kunguruma. Mzee alikataa kushuka. Alimsikiliza mkewe akiagwa kupitia dirisha la gari, mguu wake ukigusagusa mafuta ili injini isilegee. Wimbo wa mwisho haujaisha, taa ilipepesa. Ikazimika. Ikapepesa tena.

"Tata, imeanza."

"Ndaga."

Tulipoiacha lami, njia ya Matwebe ilikuwa tope tupu. Watu walishuka wakatembea pande zote mbili, wakisukuma palipoteleza, na wakati huu hakuna aliyeona aibu kulisukuma. Katika kilima cha mwisho, chenye migomba kulia na kushoto, taa iliwaka nyekundu, ikabaki. Nilisubiri ipepese. Haikupepesa.

Ningeweza kunyamaza. Plasta ilikuwa kiganjani mwangu, imeshaloa jasho.

"Tata," nikasema, "imewaka. Imebaki."

Yunusu alifumba macho. Mzee Nsajigwa alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa saa. Alijua kuzima ni nini na kuendelea ni nini. Chini ya miguu yetu kulianza kugonga, kwanza kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, halafu kama mtu anayedai. Harufu ya kuungua ikapanda. Oili yangu nzuri ilikuwa inafanya yote iliyoweza, na haikutosha, na aliyeifanya isitoshe alikuwa amenisomesha.

"Twende, mama," mzee akasema, sijui kwa gari au kwa mkewe.

Tuliingia uani tukiwa tumezungukwa na moshi. Majani ya migomba yalisugua paa. Gari lilisogea mpaka mbele ya mlango, palipotandikwa mkeka, likasimama kwa kishindo, injini bado ikigonga. Ndipo mzee akanyoosha mkono na kuzima mwenyewe, kwa ufunguo, kama sharti lilivyotaka. Yunusu alishuka, akafungua boneti, akatia spana na kujaribu kuizungusha injini kwa mkono. Akajaribu tena kwa uzito wa mwili wake wote. Kisha akaweka spana chini na kunitazama.

Mzee alizunguka nyuma, akashusha ubao wa bodi taratibu, akaweka kiganja juu ya jeneza kabla wanaume hawajalishika.

"Esnath," akasema, "tumefika. Sikukuchanganya na kitu. Ndizi zilizopo hapa ni zako mwenyewe."